Ebola Ilipoingia Nyumbani: Vita Vilivyofichwa katika Beni na Butembo

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni katika kipindi cha amani, yakachapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji)

 

Leo sitazungumza juu ya bunduki. Katika kipindi hiki tumezoea kuuliza nani anayo bunduki na lini ataiweka chini. Leo nataka turudi nyuma kidogo katika historia yetu wenyewe, tangu 2018 hadi 2020, tutazame ndani ya nyumba zetu wakati Ebola ilipokuwa katikati yetu. Utaniuliza: hiyo ni historia gani, jambo la juzi tu? Ninakujibu kwamba jambo la juzi ndilo linalosahauliwa upesi, hasa lile lililotendeka mlango ukiwa umefungwa. Makaburi ya Ebola tunayajua yalipo. Lakini mama aliyevunjwa mkono katika miezi ile, na majirani wakasikia wakanyamaza, yeye hakuandikwa katika hesabu yoyote.

Basi tukumbuke kwanza mambo yalivyokwenda.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, katika eneo la afya la Mabalako, si mbali na Beni. Ilikuwa wiki moja tu baada ya kutangazwa kwamba Ebola ya Équateur imekwisha. Hii ya kwetu ilikuwa ya kumi katika nchi tangu ile ya Yambuku ya 1976. Kutoka Mangina ikaingia Beni, ikashuka Butembo na Katwa, ikafika hata Ituri na Goma. Tarehe 17 Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likasema ni hatari kwa mataifa yote. Ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 2,287 walikuwa wamekufa. Katika dunia nzima, ni ile ya Guinea, Liberia na Sierra Leone ya 2014 hadi 2016 tu iliyoizidi kwa ukubwa.

Lakini wewe uliyekuwa hapa unajua kwamba Ebola haikuja katika nchi iliyotulia. Tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wakichinjwa katika wilaya ya Beni. Tarehe 22 Septemba 2018 mji wa Beni wenyewe ulishambuliwa, watu wakafa, na baada yake zikafuata siku za mji kufa: maduka yamefungwa, motari hawapiti, soko limenyamaza, na timu za Ebola zimebaki ndani. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule tume ya uchaguzi ikasema Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima. Wao wangoje hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Rais akaapishwa Januari, sisi hatujapiga kura. Watu wa Beni walikasirika hata wakajifanyia kura yao ya mfano katika kartye, wakipanga mstari, wakinawa mikono, ili kuonyesha kwamba kama wanaweza kwenda sokoni na kanisani wanaweza pia kupiga kura. Februari 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vikachomwa na kushambuliwa. Aprili tarehe 19, daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, akauawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu hapa Butembo.

Kwa nini ninayataja haya yote? Kwa sababu hasira haina kwao. Mwanamume aliyekatazwa kura, aliyeachishwa njia ya shamba kwa hofu ya kuchinjwa, aliyekaa siku tano bila kusukuma chukudu yake, ile hasira aliipeleka wapi? Mwenye silaha hakumfikia. Mkubwa wa serikali hakumwona. Mtu aliyekuwa karibu naye ni bibi yake na watoto wake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba njaa na hofu humfanya mtu apige. Wako mabwana wengi waliokaa miezi ile bila franka moja mfukoni na mkono wao haukuinuka. Ninawajua, na wewe unawajua. Anayepiga amechagua kupiga, tena amechagua anayempiga, kwa maana mtu yule yule aliyemvunja bibi yake jioni alikuwa mpole mbele ya askari asubuhi. Ninachosema ni kwamba tauni kubwa humpa mtu wa namna hiyo nafasi, na huwaondoa wale ambao wangemzuia.

Na jeuri hii ilikuwepo kabla. Wengine husema, “Ebola imetuharibia ndoa.” Mimi siwafuati. Uchunguzi wa afya ya jamaa uliofanywa katika nchi yetu yote, mwaka 2013 na 2014, uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49. Katika kila 100, wanawake 52 walisema wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikia miaka 15. Na kati ya wale waliokwisha kuolewa, 57 katika kila 100 walisema bwana aliwatendea jeuri, ikiwa ya kipigo, ya kulazimishwa kitandani, au ya maneno ya kumvunja mtu moyo. Hiyo ni miaka minne kabla ya Mangina. Jambo lililonisikitisha zaidi ni kwamba wanawake wenyewe, karibu watatu katika kila wanne, walikubali kuna sababu inayoweza kumpa bwana haki ya kupiga. Wanaume waliokubali hivyo walikuwa wachache kuliko wanawake. Tumewafundisha binti zetu vizuri sana, ndugu zangu, na fundisho lenyewe ni baya.

Kwa hiyo Ebola ilikuta kuni zimekwisha kupangwa.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Tuseme kuna nyumba katika kartye moja ya Beni. Sitaji ipi, kwa sababu iko katika kila kartye. Mtoto amepata homa. Nani anambeba? Mama. Nani anafua nguo alizotapikia? Mama, au dada mkubwa wa miaka kumi na minne. Mama anampeleka kwa mganga wa karibu au katika kituo kidogo cha binafsi, kwa maana hospitali inaogopwa, na katika vituo hivyo vidogo watoto wengi wa Beni waliokuja na malaria waliondoka na Ebola. Mtoto anakufa. Sasa watu wa bwana wanakutana uani, na neno la kwanza ni hili: “Ameitoa wapi?” Mama aliyebeba, aliyeosha, aliyekesha, ndiye anayeulizwa.

Hesabu za ugonjwa zinaonyesha jambo hili waziwazi. Katika kila wagonjwa 100 wa Ebola ile, karibu 57 walikuwa wanawake na wasichana, na zaidi ya robo ya wagonjwa wote walikuwa watoto. Virusi havikuwachagua wanawake. Walichaguliwa na kazi ya kuuguza, ambayo sisi tumeiweka mikononi mwao tangu zamani. Halafu ilipokuja chanjo, wenye mimba na wenye kunyonyesha waliambiwa wangoje, kwa kuogopa madhara. Ni mwaka 2019 ndipo walipofunguliwa mlango. Kwa hiyo kwa miezi mingi yule aliyekuwa karibu zaidi na mgonjwa ndiye aliyekuwa bila kinga.

Shirika moja la msaada, IRC, liliwauliza watu wa Beni juu ya mambo haya na kutoa ripoti mwaka 2019. Jina la ripoti hiyo kwa lugha yetu ni kama kusema “Yote mabegani mwake”. Waliandika juu ya mzigo wa kuuguza. Waliandika pia juu ya maji, na hapa wanaume wengi hatukufikiri. Kila siku redio ilisema: nawa mikono. Nami nilisema hivyo, katika kipaza sauti kama hiki. Sikujiuliza ni nani anayekwenda kuyachota hayo maji, mara ngapi kwa siku, na katika njia gani. Ndoo mbili zikawa nne, na binti aliyekuwa akirudi kabla ya giza akawa anarudi gizani. Akichelewa, nyumbani anasubiriwa na fimbo. Njiani anaweza kukutana na kibaya kuliko fimbo.

Halafu kulikuwa na zile siku 21. Unakumbuka: mtu aliyemgusa mgonjwa alifuatwa siku 21, na kila siku watu wa Ripositi walikuja na kipimajoto, wakaandika katika daftari. Ilikuwa kazi nzuri, imewaokoa wengi. Lakini kwa nyumba yenye bwana mwenye jeuri, siku 21 za kukaa ndani, majirani hawaingii kwa kuogopa ugonjwa, shangazi hawezi kuja, mama hawezi kwenda kwao kwa wazazi kwa sababu kijiji chao kitamkataa, hizo ni siku ndefu. Mtu wa kipimajoto alisimama mita mbili mlangoni. Alipima joto. Jicho lililovimba halikuwa na mahali pake katika daftari.

Ndiyo maana nilisema tauni huwaondoa wale wanaozuia. Katika desturi zetu za Kiyira ndoa haikuwa ya watu wawili tu. Walikuwapo wazee wa pande zote mbili, walikuwapo akina shangazi, ilikuwapo nyumba ya wazee ambako bwana mwenye mkono mwepesi aliitwa na kuulizwa mbele ya wenzake. Sitaki kuisifu desturi kupita kiasi. Mara nyingi wazee hao walimrudisha mama kwa bwana na mbuzi mmoja, na kesho kipigo kikarudi. Hata hivyo palikuwa na macho. Ebola ilikataza kukusanyika na kushikana mikono, na macho yale yakaondoka. Vita vilikuwa vimekwisha kuondoa mengine, kwa maana mkimbizi aliyetoka Eringeti hadi Beni, au Kamango hadi Oicha, aliwaacha nyuma wazee wake, na katika nyumba ya kupanga hakuna anayejua mama huyo ni mtoto wa nani.

Na mama mwenyewe, angekwenda wapi? Hospitali? Mtu anayetokwa na damu alitazamwa kwa woga, kwa sababu damu ni moja ya dalili. Mwenye mimba aliyepigwa tumboni na kuanza kutoka damu alijua kwamba akifika pale anaweza kupelekwa kwanza mahali pa watu wanaoshukiwa Ebola, atengwe, angoje majibu ya damu. Wengi walichagua kubaki na maumivu.

Jambo la tatu ni fedha, na hapa ninaomba wazee mnisikilize vizuri, hata kama neno ni gumu.

Ripositi ilileta fedha nyingi katika nchi yenye njaa. Madereva, wafagiaji, wapishi, wapimaji wa joto, wachanjaji: kazi nyingi, za siku chache, na mlango wa kila kazi ulikuwa na mtu aliyeushika. Mwezi wa Septemba 2020 waandishi wa habari wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walichapisha maneno ya wanawake zaidi ya 50 wa Beni, waliosema kwamba watu waliojitambulisha kuwa wafanyakazi wa misaada walidai miili yao ili kuwapa kazi au kuwaachia kazi. Shirika la Afya Duniani likaweka tume. Mmoja wa wanawake wawili walioiongoza ni mtu wetu, Mama Julienne Lusenge wa SOFEPADI, ambaye wengi wenu mnamjua kwa kazi yake Bunia na Beni, na ambaye alianza yeye pia kama mtangazaji wa redio. Ripoti ya tume ilitoka tarehe 28 Septemba 2021. Ilihesabu watu 83 wanaoshukiwa, na 21 kati yao walikuwa watu wa Shirika la Afya Duniani lenyewe.

Mambo hayo yalizungumzwa Geneva na New York, na ilipasa. Lakini mimi ninauliza juu ya jioni ile mama huyo aliporudi nyumbani. Kama alinyamaza, alibeba siri. Kama alisema, bwana aliuliza swali lile lile la uani: “Kwa nini wewe?” Aliyedai rushwa ya mwili alipanda gari lake akarudi alikotoka, na deni likalipwa na mama katika nyumba yake. Hata mama aliyepata kazi kwa haki, kwa shule yake na akili yake, hakupona maneno. Ilikuwa desturi ya mtaani kusema kwamba kila mwanamke mwenye koti la Ripositi amelipata kitandani. Bwana asiye na kazi, mwenye bibi anayeleta dola mwisho wa juma, na marafiki wanaomcheka kwenye kasiksi na lotoko: hapo ndipo mikono mingine iliinuka ambayo haikuwa imeinuka kabla. Tulimcheka mtu mpaka akaenda kumpiga asiyemcheka. Kama ulikuwa mmoja wa wachekaji, jihesabie.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo wengine wataona haya kulisikia redioni. Watoto wakiwa karibu, wape kazi nje kidogo.

Mwanamume aliyepona Ebola anaweza kubaki na virusi katika mbegu zake kwa miezi mingi, hata damu yake ikiwa safi na yeye mwenyewe mzima. Kwa hiyo waganga walishauri wapimwe mara kwa mara, na mpaka vipimo viwili viwe safi wajizuie au watumie kapoti. Shauri hilo ni jepesi kusemwa katika kituo cha matunzo. Usiku nyumbani ni neno jingine. Bwana amerudi kutoka kifo. Mtaa unamwogopa. Anataka kujua kwamba bado ni mwanamume na bado ana nyumba. Bibi anasema, “Bwana, tungoje kipimo,” na yeye anasikia, “Wewe bado ni mchafu.” Mama yupi, katika hao 57 kwa kila 100 niliowataja, anaweza kusema “tungoje” mara ya pili?

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena katika eneo la Butembo. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mwanamke, naye alikuwa bibi ya mwanamume aliyepona Ebola ile ya kwanza. Alikufa. Uchunguzi wa virusi ulionyesha undugu na vile vya 2018. Watu 12 waliugua na 6 wakafa, kabla ya kutangazwa mwisho tarehe 3 Mei 2021. Sijui mambo ya nyumba ile na sitaki kuyajua. Wala nisisikie mtu akiwanyoshea kidole waliopona, kwani wengi wao ndio waliotusaidia zaidi. Ninasema hili tu: uhuru wa mwanamke kusema “tungoje” bila kupigwa ulikuwa dawa, sawa na chanjo. Na hatukuugawa.

Oktoba 2021 Ebola ilirudi Beni, watu 11 wakahesabiwa na 9 wakafa. Agosti 2022 ikaonekana tena kwa mtu mmoja. Kati ya hizo ilikuja Covid, na shule zikafungwa Machi 2020 wakati sisi hatujamaliza Ebola yetu.

Na hatukuwa peke yetu. Sierra Leone, wakati wa Ebola yao, shule zilifungwa karibu miezi tisa, na wasichana wengi walipata mimba wakiwa nyumbani. Mwaka 2015 shule zilipofunguliwa, serikali yao ikawakataza wenye mimba kuingia darasani. Katazo hilo likadumu mpaka Machi 2020. Tazama jinsi inavyokwenda: binti anaumizwa ndani ya tauni, kisha anaadhibiwa kwa kuumizwa. Wakati wa Covid habari kama hizo zilitoka katika nchi nyingi, hata za matajiri wenye nyumba za ghorofa na polisi wa simu. Machi 2020 António Guterres, mkubwa wa Umoja wa Mataifa, aliomba wanaopigana duniani waweke silaha chini; mwanzoni mwa Aprili alirudi tena akaomba amani ndani ya nyumba. Mtu aliyeomba usitishaji wa vita katika nchi zote aliona lazima auombe na jikoni.

Sisi watu wa Kivu tulipaswa kulijua hilo mapema. Oktoba 2018, Ebola ikiwa katikati ya Beni, ndipo Daktari Mukwege wa Panzi alipotangaziwa tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuwatunza wanawake walioharibiwa na vita. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini furaha ile ilikuwa na jambo moja la kutupumzisha: ilisema mbaya ni yule wa porini mwenye bunduki. Yule anayekula bugali katika meza moja na sisi tukamwacha.

Nisiseme mabaya peke yake. Nani kati yenu anawakumbuka walezi wa Ebola, pale kando ya vituo vya Beni na Butembo? UNICEF ilifungua nyumba za kulelea watoto ambao mama zao walikuwa ndani wanauguzwa. Walioweza kuwabeba watoto hao bila woga ni wale waliopona, kwa sababu miili yao ilikuwa imekwisha kujikinga. Wengi walikuwa wanawake waliofiwa, wengine wamekataliwa na mtaa. Wakaketi pale wakiwabembeleza watoto wa wengine usiku kucha. Nyumba zile zilikuwa pia mahali ambapo mama aliyetoka kwenye kituo aliweza kukaa na mwanamke mwenzake akasema, “Naogopa kurudi nyumbani,” na yule akajua kwamba hasemi juu ya homa. Hakuna aliyepanga hivyo katika karatasi za mradi. Ilitokea kwa sababu walikaa pamoja.

Ndiyo sababu ninawageukia ninyi machefu na wakubwa wa kambi. Leo kuna watu katika mashule na makanisa, wengine kutoka Mbau na Mayi-Moya, wengine waliopanda kutoka Kanyabayonga ilipoanguka Juni 2024. Mwaka ule ule, tarehe 14 Agosti, mpox nayo ilitangazwa kuwa hatari ya dunia, na Kivu ndipo ilipokuwa imewaka. Ugonjwa mwingine utakuja. Utakapokuja mtaitwa katika mkutano, mtapewa kofia na ndoo za kunawia. Katika mkutano huo simama uulize: mwanamke anayepigwa wakati wa karantini atapokewa wapi, na jina la mwanamke wa kumpokea ni nani? Usikubali kuondoka na jibu la “tutaona”. Uliza pia maji yatawekwa umbali gani na kambi. Wale wanaozunguka na vipimajoto, omba nusu yao wawe wanawake wa kartye yenyewe, wanaojulikana kwa jina, na waruhusiwe kuongea na mama peke yake, hata dakika tano.

Na juu ya mbuzi. Ninajua inavyofanyika. Bwana amemjeruhi bibi, pande mbili zinakutana kwa chefu, mbuzi mmoja, kreti moja ya bia, wameshikana mikono, kwisha. Kwa ugomvi wa maneno, sawa, mzee ni mpatanishi. Lakini kumpiga mtu na kumjeruhi ni kosa katika kitabu chetu cha makosa tangu 1940, na hakuna mstari unaosema “isipokuwa ni bibi yako”. Kwa kubaka, sheria ya tarehe 20 Julai 2006 imeweka kifungo cha miaka 5 hadi 20, na haikubali kesi izimwe kwa faini ya kupatana. Chefu anayekula mbuzi huyo amekula kesi ya parke. Tangu 2016 pia sheria ya jamaa imeondoa ile kanuni ya zamani kwamba mwanamke aliyeolewa aombe ruhusa ya bwana kabla ya kufanya mkataba au kwenda mahakamani. Mama anaweza kufika tribinali ya amani kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna wa kumuuliza karatasi ya bwana.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tulilitumia neno hilo sana wakati wa Ebola, tukimwambia kila mtu asiwafiche wagonjwa. Baba zangu, tulilisema kwa nusu.

Mwisho, neno kwako mama, au dada, uliyesikia haya yote ukiwa na aibu isiyo yako. Ukibakwa, na popote ilipofanyika, hata kama ni ndani ya ndoa, fika kituo cha afya kabla ya saa 72 kwisha, yaani siku tatu. Katika muda huo iko dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi na ya kuzuia mimba. Usioge kwanza ukiweza, usitupe nguo ulizovaa, ziweke katika mfuko wa karatasi au kitambaa uende nazo. Omba cheti cha daktari, hata kama leo hutaki kushitaki. Cheti kinakaa, na wewe utaamua kesho. Kama huwezi kwenda peke yako, mwambie mama wa kikundi chako cha likelemba. Na wewe mama wa kikundi, akija usiku, mfungulie.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutapokea majibu ya machefu juu ya lile swali la nani atampokea mwanamke huyo katika kila kartye. Andikeni majina, mtuletee hapa redioni kabla ya Ijumaa. Mimi nitayasoma.